Utendi wa Mwana Kupona katika Somo la Heshima

Waalimu wengi wa shule za msingi, wakitafuta mashairi ya kuwafundishia watoto adabu na heshima kwa watu, huuendea Utendi wa Mwana Kupona. Wala hawakosei. Mwana Kupona binti Msham wa Pate alimtungia bintiye Mwana Hashima utendi huu mwaka 1858, naye mwenyewe alikuwa mgonjwa, miaka 2 baada ya kufa mumewe, Bwana Mataka wa Siu. Una beti zaidi ya 100, kwa Kiswahili cha kaskazini, na mwaka 1934 Alice Werner na William Hichens waliupiga chapa pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Sisi nasi tumeufundisha kwa miaka mingi. Walakini twadhani ya kwamba sisi waalimu twaufundisha nusu tu, na nusu ile tuiachayo ndiyo inayolihusu somo lenyewe.

Wako mapadre waliotuuliza kama yafaa shairi la mama wa Kiislamu lisomwe katika shule ya misheni. Hofu hiyo haina uzito. Mama huyu amtaka bintiye ashike dini kwanza, na adabu iwe ya pili. Katika mpango huo hatuoni la kugombana naye. Shida iko kwingine.

Tazameni beti zile zifuatazo agizo la adabu, maana ndizo tuzipendazo. Asema binti awe na ulimi mwema, apate kupendwa kila aingiapo. Awe mkweli, wala asifuatane na mtu asiyeshika haki. Uso wake uwe mchangamfu na maneno yake yasiwe na hila. Azungumze na watu kwa mzaha wa kufurahisha, na neno likiwa la kuchukiza, heri anyamaze. Asimdhanie mtu jambo asiloliona, wala asinong'one. Mwalimu gani asingependa darasa lake liwe hivi? Hasa hilo la dhana: twaona ya kuwa ugomvi mwingi wa watoto, na wa wakubwa pia, waanzia hapo.

Lakini zile za uso mchangamfu na kuendelea zimekaa katikati ya nyingine mbili. Kabla yake, binti aagizwa ajinyenyekeze mbele ya makabaili, yaani watu wa ukoo bora, na awaonapo ainuke upesi. Baada yake, aagizwa asichangamane na watumwa ila wakati wa kazi, kwa kuwa watamvuta katika aibu. Basi ule uso mchangamfu una mipaka, juu na chini. Na mbele kidogo twaambiwa radhi 5 zimpasazo mtu: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama, na ya mume. Zote zapanda, hakuna hata moja ishukayo kwa aliye chini. Hatumlaumu mtungaji kwa desturi za mji wake. Utumwa ulikuwa halali katika pwani hiyo mpaka mwaka 1907, miaka karibu 50 baada yake. Twajilaumu sisi, tunaookota beti za katikati na kuzionyesha kana kwamba zilitungwa kwa ajili ya watu wote.

Mwaka mmoja tuliwaandikia watoto wa darasa la sita beti hizi ubaoni, tukauruka ule wa watumwa. Tulijiambia ya kuwa twawahurumia watoto, kumbe tulikuwa twaona haya. Msichana mmoja, ambaye nyanya yake alikuwa na kitabu nyumbani, akainua mkono akauliza mbona ubeti mmoja umepungua. Tukamjibu ya kwamba haufai siku hizi. Akauliza tena, "Basi, mwalimu, ule wa kuwainukia makabaili, wenyewe wafaa?" Hatukuwa na jibu. Kengele ilipolia, watoto waliinuka wote kwa heshima tulipotoka. Nao walipotoka walimpita mzee afagiaye uwanja, wala hata mmoja hakumwamkia. Somo letu walikuwa wamelifahamu barabara.

Jambo hili limo katika lugha yetu yenyewe, na wapenda lugha yawapasa kuliangalia. Twasema, "Mpe heshima yake," kana kwamba kila mtu ana kipimo chake kilichokwisha kukatwa. "Kumtia mtu adabu" maana yake ilikuwa kumfunza, lakini mtoto wa shule asikiapo neno hilo hufikiri kiboko. Na uungwana, neno tulitumialo kwa tabia njema, maana yake ya asili ni hali ya mtu asiye mtumwa. Muungwana alikuwa mtu huru, kisha likawa jina la mtu mpole na mwenye haya, kana kwamba upole hauwezekani kwa mwingine. Lakini maneno nayo huhama. Katika misafara ya karne ya 19, wapagazi waliotoka pwani walijiita waungwana, na wengi wao walikuwa watumwa au watu waliokombolewa. Walilichukua jina la wenye nyumba wakalivaa wenyewe. Na shule zetu za misheni zina asili yake huko huko: Freretown, karibu na Mombasa, ilianzishwa mwaka 1875 kuwa makao ya watu waliookolewa katika utumwa, na miongoni mwao na watoto wao walipatikana baadhi ya waalimu wa kwanza. Mwalimu wa misheni aurukaye ubeti wa watumwa, awaruka waliomtangulia.

Mtaala wa Kenya uliotolewa mwaka 2017 wataja tunu 8 za kufundishwa watoto, na heshima imo pamoja na haki na umoja. Ni vema. Lakini heshima ikifundishwa kwa kuinuka tu, itakaaje nyumba moja na haki?

Basi twashauri beti zote za sehemu ile ziandikwe ubaoni, pamoja na zile mbili za pembeni. Maneno ya kaskazini yaelezwe kwanza, maana mtoto wa bara hatafahamu hata robo. Kisha watoto waulizwe: Mama huyu amtaka bintiye aseme vizuri na nani? Nani ameachwa nje? Kwetu sisi ni nani aachwaye? Tulipofanya hivyo mwaka uliofuata, mtoto wa kwanza kujibu hakutaja watumwa wa zamani. Alimtaja yaya wa nyumbani kwao, asemaye kwamba haulizwi kama amekula. Wengine wakamtaja mzee wa ufagio. Hapo agizo la uso mchangamfu na la kutodhania watu mabaya likapata watu wapya wa kutendewa, ambao mtungaji hakuwakusudia, nalo halikupungukiwa na uzuri wake.

Zimebaki beti za mume, ambazo ni nyingi kuliko zote. Hizo hatungezipeleka darasa la sita. Zina maneno yake, na mabinti zetu wanayo mengi ya kusema juu yake. Tutayaandika siku nyingine, Mungu akipenda.