Dakika zilizopungua: namna ya kuonyesha muda hasi katika Excel

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, imeweka ukomo wa saa 45 za kazi za kawaida kwa wiki na saa 9 kwa siku. Tuseme ofisi imepanga saa 9 kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, na mfanyakazi mmoja amefanya kazi hivi: 9:40, 8:15, 9:00, 8:30, 9:50. Safu ya B ina saa zilizopangwa, safu ya C ina saa zilizofanywa, na safu ya D ina fomula =C2-B2. Kwa Jumatatu Excel inajibu 0:40. Kwa Jumanne, siku iliyopungua dakika 45, inajaza seli nzima alama za reli: #####. Ukidhani safu ni nyembamba ukaipanua, reli zinaongezeka tu.

Hesabu yenyewe haina kosa. Badilisha umbizo la seli hiyo liwe General, utaona -0.03125. Excel huihesabu siku nzima kuwa 1 na saa sita mchana kuwa 0.5, kwa hiyo dakika 45 ni 45 gawanya kwa 1440, yaani 0.03125. Jibu limo na ni sahihi. Kinachokwama ni kuliandika kwa sura ya saa, kwa sababu Excel huandika muda uliotumika kwa utaratibu ule ule inaoandikia tarehe, na tarehe zake zinaanzia 1 Januari 1900, iliyopewa namba 1. Chini ya sifuri haina siku ya kuonyesha.

Lipo suluhisho lililomo ndani ya programu yenyewe, na lina historia yake. Excel ilitoka kwanza kwa ajili ya Macintosh, mwaka 1985, na kompyuta hizo zilihesabu siku kuanzia mwaka 1904. Upande wa pili, programu ya majedwali ya Lotus 1-2-3 iliuchukulia mwaka 1900 kuwa mrefu, ikaupa tarehe 29 Februari ambayo haikuwahi kuwepo, na Excel ikaifuata ili mafaili yapatane. Mifumo yote miwili imebaki hadi leo. Ukiingia File, Options, kisha Advanced, na kuweka tiki kwenye Use 1904 date system, reli zinatoweka na -0:45 inasomeka.

Mimi siishauri njia hiyo kwa faili ambalo tayari lina tarehe. Kila tarehe iliyomo inasogea siku 1,462, yaani miaka minne na siku moja. 5 Julai 2011 ni namba 40729 katika mfumo wa 1900, na 39267 katika ule wa 1904. Anayenakili tarehe kutoka faili lako kwenda lake hapati onyo lenye nguvu ya kumzuia, na tarehe ya kuajiriwa mtu ikihama miaka minne, mafao yake yanahama nayo.

Njia nyingine ni ya maandishi: =IF(C2<B2,"-","")&TEXT(ABS(C2-B2),"[h]:mm"). Inaonekana safi kabisa. Lakini kilichomo sasa ni herufi, na SUM huziruka herufi bila kusema neno. Hatari inazidi pale mtu anapogeuza siku zilizopungua tu kuwa maandishi na kuziacha nyingine zikiwa namba. Katika wiki yetu, SUM itajumlisha 0:40 na 0:50 na kutoa saa moja na nusu, wakati salio la kweli ni dakika 15. Kama siku ndefu inaweza kufidia siku fupi, hilo ni suala la mkataba na sheria. Kazi ya jedwali ni kuweka kila siku na alama yake.

Kwa hiyo natenganisha hesabu na maonyesho. Safu ya D inabeba dakika kama namba ya kawaida: =ROUND((C2-B2)*1440,0). Jumanne inatoa -45, Alhamisi -30, na =SUM(D2:D6) inatoa 15. ROUND si pambo, maana sehemu za siku hazihifadhiki zote kikamilifu ndani ya kompyuta, na mabaki madogo hujitokeza unapolinganisha. Safu ya E ni ya macho tu: =IF(D2<0,"-","")&TEXT(ABS(D2)/1440,"[h]:mm"). Mabano ya mraba kwenye h yanaruhusu saa zipite 24 bila kurudi sifuri. Kupaka nyekundu siku zilizopungua hakutoshi, kwa sababu karatasi hizi huchapishwa kwa wino mweusi.

Google Sheets na LibreOffice Calc huonyesha muda hasi zikipewa umbizo la muda, ndiyo maana faili lililosomeka vizuri huko linaweza kumfikia mhasibu mwenye Excel likiwa na reli.

Wapo wanaoziondoa reli kwa MOD, na hapo wanachanganya mambo mawili. Mlinzi aliyeingia 18:00 na kutoka 06:00 hana muda hasi; amevuka usiku wa manane, na B ikiwa saa ya kuingia na C ya kutoka, =MOD(C2-B2,1) inampa saa zake 12 kwa haki. Fomula hiyo hiyo ikiwekwa kwenye Jumanne yetu inageuza upungufu wa dakika 45 kuwa ziada ya 23:15.

Kwetu kuna mtego mwingine. Daftari la getini likijazwa kwa saa za Kiswahili, aliyeingia saa 4 asubuhi na kutoka saa 1 jioni anaandikwa 4:00 na 1:00. Tofauti ni hasi 3:00, MOD ya 1 inatoa 21:00, na saa alizofanya ni 9. MOD ya 0.5 inaipata hiyo 9, ila mlinzi aliyekesha kutoka saa 12 hadi saa 12 inamwandikia sifuri. Anayeingiza data azigeuze saa hizo kwanza ziwe za mfumo wa saa 24, kabla fomula yoyote haijaguswa.