Toyota ni Toyota, Passo ni ya Nani?

Kwa wapenzi wa magari wa Dar es Salaam, uhakiki mwingi huishia kwenye sentensi moja: Toyota ni Toyota. Husemwa kijiweni, gerejini na kwenye makundi ya WhatsApp, na ikishasemwa mjadala umefungwa. Mimi nasoma shahada ya uzamili ya fasihi, nami nimezoeshwa kuishuku sentensi inayojithibitisha kwa kujirudia. Hii inastahili kusomwa polepole, maana watu huiamini kwa akiba ya miaka mingi, kisha huwapakia watoto wao kiti cha nyuma.

Tuipe haki yake kwanza. Sifa hii haikuletwa na matangazo. Imeletwa na spea zinazopatikana hadi wilayani, fundi anayeijua injini kwa kuisikiliza tu, na bei isiyoporomoka siku ya kuuza. Ni ushahidi uliokusanywa barabarani, na watu waliotumia fedha zao wenyewe.

Kwenye umbo nako wapenzi hawa ni wahakiki hodari. Land Cruiser kubwa wameliita shangingi, neno hilohilo wanalomwitia mwanamke wa mjini mwenye mbwembwe, na ndani ya neno moja wamesema unene, gharama, majivuno na serikali. Passo, yenye uso wa mviringo, huitwa gari la kina dada, na anayesema hivyo hasifii. Ukisikiliza vizuri, utagundua kwamba linalohukumiwa hapo si gari, ni anayeliendesha.

Uhakiki huu unasoma sura na unasoma injini. Nembo hausomi, unaiamini. Passo, kama Duet na Cami kabla yake, ilitoka Daihatsu, kampuni ya magari madogo ambayo Toyota iliinunua yote mwaka 2016. Desemba 2023, kamati huru iliyoichunguza Daihatsu ilitoa ripoti yake: udanganyifu katika majaribio ya usalama uligusa aina 64 za magari, yakiwemo yaliyouzwa kwa nembo ya Toyota, na tukio la zamani zaidi lilikuwa la mwaka 1989. Katika baadhi ya majaribio ya kugongwa ubavuni, mfuko wa hewa wa kumkinga abiria ulifunguliwa na saa iliyotegwa, wakati ulipaswa kufunguliwa na kompyuta ya gari baada ya kuhisi pigo. Daihatsu ikasimamisha kupeleka sokoni magari yote iliyokuwa ikiyatengeneza.

Kamati ililaumu ratiba zilizobana kupita kiasi. Wahandisi walitakiwa kufaulu jaribio mara ya kwanza, kwa wakati, bila nafasi ya kurudia. Toyota nayo ilikiri kwamba kuongezeka kwa magari iliyokuwa ikiyaagiza kwa Daihatsu huenda kuliielemea. Kwa maneno mengine, sifa ile tunayoitolea kiapo ilikuwa sehemu ya mzigo. Kadiri nembo ilivyoaminika, ndivyo yalivyohitajika magari mengi zaidi ya kubandikwa.

Mpenzi wa magari atanijibu: yangu ina miaka minane, haijawahi kunilaza njiani. Namwamini. Lakini hapo anajibu swali jingine. Uimara hujidhihirisha kila asubuhi injini inapowaka. Usalama hungoja siku moja, na aliyeketi upande uliogongwa huenda asipate nafasi ya kuja kijiweni kusimulia. Ndiyo maana sifa ya mtaani, hata iwe ya kweli kiasi gani, haiwezi kutuambia lolote kuhusu mlango wa ubavuni. Kwa hilo tunategemea karatasi iliyojazwa mbali na watu tusiowajua, na kilichovunjwa ni uaminifu wa karatasi hiyo.

Sisemi kila Passo iliyo kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro ni jeneza. Ripoti ilipotoka, kampuni hizo zilisema wenye magari hawana haja ya kuacha kuyaendesha. Ninachodai ni kidogo: anayejiita mjuzi wa magari aache kuifanya nembo kuwa jibu. Aulize gari limetengenezwa na nani, limepimwa na nani, na nani anapata hasara kipimo kikidanganya. Mara nyingi si dereva anayelisifia. Ni abiria ambaye hakushirikishwa siku ya kulichagua.

Dada anayechekwa kwa kununua Passo alinunua alichokimudu, akiwa ameambiwa na mjini kote kwamba Toyota ni Toyota. Waliomwambia hivyo walikuwa na maneno mengi kuhusu uso wa gari lake. Kuhusu mlango wake hawakuwa na hata moja.