Mchungaji na Kundi Lake: Uhakiki wa Sitiari Moja katika Kiswahili cha Kanisa

Ni chache sitiari za Kikristo zilizoenea katika Kiswahili kama ile ya mchungaji, na ni chache vilevile zilizochakaa kama hiyo. Zaburi ya 23 hukaririwa ibadani na mazishini, lakini yamkini wengi waikaririo hawaoni tena kondoo wala malisho. Uchakavu huo hauwezi kuelezwa kwa kulegea kwa imani pekee. Sehemu ya chanzo chake imo katika lugha.

Kitenzi chunga huzaa majina mawili ya mtenda. Mchunga hudai yambwa: mchunga mbuzi, mchunga ng'ombe. Mchungaji hujitegemea, na kiishio chake -ji huonyesha mazoea au kazi ya kudumu. Biblia ya Muungano, iliyochapishwa mwaka 1952 baada ya tafsiri za Kiunguja na Kimvita kutangulia, hutumia mchungaji katika zaburi hiyo na katika Injili ya Yohana, sura ya 10. Kisarufi uteuzi huo ni sahihi, maana jina lilipaswa kusimama peke yake. Hata hivyo, jina lisilodai yambwa laweza kusahau kundi. Ndivyo ilivyotokea: katika makanisa mengi ya Kiprotestanti mchungaji ni cheo, nacho hutajwa pasipo mtu kufikiria mnyama.

Hasara yenyewe hudhihirika katika kimilikishi. Mfugaji asemapo "mchungaji wangu," amtaja mtu aliyemkabidhi mifugo yake. Mshirika wa kanisa asemapo maneno hayo hayo, amtaja kiongozi wake wa ibada. Mtunga zaburi hakukusudia maana hata moja kati ya hizo. Yeye amejiweka mahali pa mnyama, na hapo ndipo ulipo ujasiri wa shairi lake. Aidha, jina alilolitumia katika Kiebrania latokana na kitenzi chenye maana ya kulisha. Ndiyo sababu majani na maji hutangulia, na hatari hufuata baadaye. Chunga ya Kiswahili huelemea upande wa kuangalia na kutahadhari, kama lionyeshavyo onyo la kila siku, "Chunga!" Basi msomaji wa Kiswahili huwahi kuona ulinzi kabla ya kuona shibe.

Sura ya 10 ya Yohana yazidi kulitatiza neno hili. Kiswahili humtenga mfugaji, mwenye mali, na mchungaji, ambaye aweza kuwa mtoto wa nyumbani au kibarua. Yesu awaunganisha hao wawili: kondoo ni wake, naye mwenyewe hutembea nao. Anayekimbia hatari ni yule afanyaye kazi kwa ajili ya ujira tu. Tena mchungaji huyu hutangulia, kondoo wakamfuata kwa kuijua sauti yake. Haswagi kundi kutoka nyuma kwa fimbo. Mwalimu asiyezieleza tofauti hizi humwachia mwanafunzi picha ya upole mtupu.

Na upole mtupu ni hatari. Katika kitabu cha Ezekieli, sura ya 34, wachungaji wanaoshutumiwa ni watawala wa Israeli waliojilisha wenyewe, wakaacha wagonjwa bila tiba na waliopotea bila kutafutwa. Humo sitiari ni kipimo cha kumhukumia kila aliyekabidhiwa watu. Mchungaji akibaki kuwa cheo tu, kipimo hicho hupotea: cheo hudai heshima, lakini sitiari hudai hesabu ya kondoo.

Hapana haja ya kulibadilisha neno lililokwisha kuota mizizi. Lililo wajibu wa mhakiki na mwalimu wa fasihi ni kulirudishia yambwa yake. Kila litajwapo jina mchungaji, katika mahubiri, katika utenzi au katika riwaya, na iulizwe: anamchunga nani, na huyo achungwaye amekula nini?