Mnada wa Kutunza Uoto wa Asili Jimboni Victoria
Mwaka 2001 serikali ya jimbo la Victoria, Australia, ilifanya jaribio lililoitwa BushTender ili kuamua ni wamiliki gani wa ardhi walipwe fedha za umma kwa kutunza uoto wa asili uliosalia mashambani mwao. Ugumu ulikuwa kwamba mkulima ndiye ajuaye hasara atakayoipata akiwazuia kondoo wasiingie humo, ilhali serikali ndiyo iliyojua ni aina zipi za uoto zilizokwisha kufyekwa karibu zote.

Badala ya kutangaza bei moja kwa wote, serikali iliitisha zabuni za siri. Afisa wa mazingira alifika shambani, akapima hali ya uoto, akakubaliana na mmiliki juu ya kazi zitakazofanywa, kama vile kujenga uzio, kuondoa magugu na kuyaacha magogo yaliyoanguka yawe makao ya wanyama. Ndipo mmiliki akaandika kiasi anachotaka katika bahasha iliyofungwa. Kila zabuni ilipewa faharisi, yaani namba inayopatikana kwa kuzidisha alama ya umuhimu wa uoto na alama ya manufaa ya kazi zilizoahidiwa, kisha kugawanya kwa bei iliyoombwa. Wenye faharisi kubwa walitangulia, kila mmoja akilipwa bei aliyoitaja mwenyewe, hadi fungu la takriban dola za Australia 400,000 likaisha.

Ustadi wa mpango huu umo hasa katika kilichofichwa: wamiliki waliambiwa alama ya kazi zao, lakini si alama ya umuhimu, kwa kuwa aliyejua kwamba ana uoto adimu angeweza kupandisha bei kupita gharama yake halisi. Kumnyima mtu habari za ardhi yake si jambo dogo, lakini hapa lilikuwa na haki, kwani kila dola iliyozidi kwa mmoja ingepunguza uoto wa kutunzwa kwingine. Mwanauchumi Gary Stoneham na wenzake walikadiria kwamba kwa bei moja ingehitajika bajeti karibu mara 7 ili kupata manufaa yaleyale, ingawa pengo hilo huenda likapungua minada ikirudiwa na wazabuni wakajifunza kukisia bei.

Udhaifu mkubwa uko kwenye muda. Usimamizi uliolipiwa ulikuwa wa miaka 3, ilhali mkaratusi huhitaji karne moja au zaidi kabla ya kufanya matundu ambamo ndege na wanyama wadogo huzaliana.