Bustani Ndogo ya Paradiso

Picha iitwayo kwa jina hili yatunzwa katika makumbusho ya Städel, mjini Frankfurt, Ujerumani. Yasadikiwa ilichorwa kati ya 1410 na 1420. Jina la mchoraji halikubaki. Ni ubao wa mwaloni, upana sentimita 33 na kimo 26 tu, na kwa hiyo hapana budi kuisogelea kama msomaji asogeleavyo kitabu.

Walimu wengi waionyeshapo nakala yake huhesabu watakatifu, kisha huifunika. Twaona hivyo ni kuishia mlangoni. Yafaa kuanza na majani. Kila ua limechorwa peke yake, lisifichwe na jingine, hata ajuaye mimea aweza kuyataja majina. Ndege nao ni zaidi ya kumi. Mdiria twamtambua hata sisi. Tena maua ya kwanza baada ya baridi yapo pamoja na cheri zilizoiva, mambo yasiyokutana katika mwezi mmoja huko Ulaya. Mtu asiseme mchoraji alikosa: hapo hapana majira. (Meza tu imeinamishwa mno, matunda yangebingirika.)

Mkulima wa Mwimbi atauliza jembe liko wapi. Ni swali la haki. Mfipa hufukia majani katika matuta ya mviringo yaoze, ndipo apande. Na shamba lake halina ukuta. Lakini kazi haikukosekana pichani: mwanamke mmoja achota maji kwa upawa, mwingine achuma cheri. Mariamu asoma kitabu, wala hamwangalii Mtoto apigaye kinanda. Hilo latupendeza kuliko yote, maana mama huyo hana hofu.

Neno paradiso latoka katika lugha ya kale ya Iran, na maana yake ni mahali palipozungushiwa ukuta. Bustani nalo ni la Kiajemi, ila lataja harufu nzuri. Basi asemaye ‘bustani’ apata manukato, akaupoteza ukuta. Asemaye ‘shamba’ apata jasho, akavipoteza vyote viwili. Sisi twachagua bustani, mradi mwalimu autaje ukuta kwa kinywa chake.

Wala ukuta huo haukuzuia kila kitu. Miguuni pa malaika yupo shetani mwenye umbo la nyani. Na karibu na askari aketiye majanini joka limelala chali, limekufa, dogo kama mjusi. Hapana amtazamaye. Mwanafunzi akiachwa aangalie polepole, joka hilo huliona mwisho.