Dakika Nzima Kando ya Kitanda

Muuguzi anayeijua kazi yake hamwambii mgonjwa kwamba anahesabu pumzi zake. Humshika kifundo cha mkono, akaweka vidole vitatu penye mshipa, akatazama saa iliyobanwa kifuani pake, na akishamaliza mapigo hauachi mkono. Vidole hubaki palepale kana kwamba hesabu ya kwanza haijaisha, huku macho yamehamia kwenye shuka inayopanda na kushuka. Mtu akijua pumzi zake zinahesabiwa huanza kuzitawala. Atazivuta taratibu, au atazibana, na idadi itakayoandikwa haitakuwa yake. Kwa hiyo muuguzi hunyamaza, akamwacha mgonjwa adhani bado ni zamu ya mshipa, na dakika ya pili ikapita yote.

Nilimtazama mama mmoja akifanya hivyo katika wodi ya wanawake ya hospitali ya wilaya mkoani Tanga, siku nilizokuwa namuuguza shangazi yangu. Mvi zilikuwa zimechungulia chini ya kofia, na viatu vyake vyeupe havikusikika sakafuni. Alianza kila kitanda kwa salamu, na salamu zake zilikuwa ndefu. Shikamoo bibi, umeamkaje, usiku ulikuwaje, chai ya rangi imeshuka, yule mjukuu wa jana ameshafika? Nilidhani ni ukarimu wa watu wa pwani tu, na ukarimu ulikuwemo kweli. Lakini alipofika kitanda cha tatu nikaona kwamba anasikiliza kitu kingine. Bibi yule alijibu, “Usiku nimelala,” akapumzika, “ila kifua,” akapumzika tena, “kimenibana.” Sentensi fupi imekatwa mara mbili. Mama nesi hakusema neno juu ya hilo. Aliinua kichwa cha kitanda, akamwekea mito mgongoni, akamshika mkono, akahesabu dakika yake, kisha akaenda kumwita daktari kabla ya kufika kitanda cha nne.

Nimeifikiria sana salamu ile. Sisi tunasalimiana kwa kirefu tangu utotoni, na wageni hutushangaa. Kumbe ndani ya mazoea hayo mtu mwenye masikio anaweza kupima kifua, akili, usingizi, tumbo na upweke wa mtu kwa pamoja, naye mgonjwa asijue kwamba amepimwa. Mkono unaoshikwa kwa salamu ndio unaoeleza kama ngozi imepoa au inachoma, kama kiganja kina jasho, kama kucha zimepauka. Anayepita na trei akiuliza “Mzima?” huku ameshafika kitanda kinachofuata amepoteza yote hayo.

Kwa mtoto mchanga ufundi ni mwingine. Mtoto anayelia hahesabiwi, wala anayenyonya. Unangoja atulie, mama amempakata, ndipo unaipandisha fulana na kutazama tumbo. Dakika iwe nzima, kwa sababu pumzi za mtoto hazina mwendo mmoja: zitakimbia, zitasita, zitakimbia tena. Anayehesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne amezidisha na kosa lake kwa nne. Tukumbuke hesabu hii ya pumzi ilitoka wapi. Mwaka 1984 daktari Frank Shann na wenzake, waliokuwa wakifanya kazi katika milima ya Papua New Guinea, walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba nimonia ya mtoto inaweza kutambuliwa mahali pasipo na eksirei, kwa kuhesabu pumzi na kutazama kama kifua kinabonyea ndani. Kutokana na kazi za namna hiyo Shirika la Afya Duniani likaweka mipaka ambayo kila zahanati yetu inaitumia: pumzi 50 au zaidi kwa dakika kwa mtoto wa miezi 2 hadi asiyetimiza mwaka, 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi asiyetimiza 5. Mwaka 2019 nimonia iliua watoto zaidi ya 700,000 wenye umri chini ya miaka 5 duniani. Mbele ya ugonjwa mkubwa namna hiyo, silaha ya kwanza imebaki kuwa jicho la mtu na saa.

Huwa nasikia utafiti ukizungumzwa kama jambo la maabara na la wenye shahada za juu, na uuguzi kama kazi ya huruma. Nadhani tunawaonea wote wawili. Florence Nightingale tunamkumbuka kwa taa yake, tukasahau kwamba aliporudi kutoka vita vya Crimea alikaa na hesabu za vifo, na mwaka 1858 akachora michoro iliyoonyesha kwamba askari wengi waliuawa na magonjwa ya kuzuilika kuliko risasi na mabomu. Alikuwa mtu wa daftari. Karne moja na nusu baadaye ulifanyika huku kwetu utafiti uliopewa jina la FEAST, na hospitali ya Teule, Muheza, ilikuwa miongoni mwa vituo vyake pamoja na Kilifi na hospitali nne za Uganda. Kwa miaka mingi vitabu vilifundisha kwamba mtoto mwenye homa kali na mzunguko wa damu uliolegea amiminiwe maji ya mshipa kwa wingi na haraka. Watoto 3,141 waligawanywa makundi. Matokeo yalipotoka mwaka 2011, ndani ya saa 48 walikuwa wamefariki takriban asilimia 10.5 ya waliomiminiwa maji hayo, na asilimia 7.3 ya wale ambao hawakumiminiwa. Dunia ilishtuka, na fundisho la vitabu likaanza kuhojiwa. Majina ya wataalamu yalichapishwa, na walistahili. Ila nyuma ya kila tarakimu kulikuwa na mtu aliyesimama kando ya kitanda saa iliyopangwa, usiku wa manane pia, akagusa miguu ya mtoto kuona kama imepoa, akahesabu, akaandika alichokiona. Angeandika alichokidhania, tusingejua lolote hadi leo.

Wala jicho si kila kitu, na wauguzi wazuri ndio wa kwanza kulisema hilo. Damu anayoipoteza mama baada ya kujifungua imewadanganya hata wakunga wa miaka mingi, kwa kuwa inaloweka vitambaa na kutiririka chini, ikaonekana kidogo kuliko ilivyo. Utafiti wa E-MOTIVE, uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, uliwapa wakunga mfuko wa plastiki wenye alama za vipimo, unaowekwa chini ya mama ili damu ikusanyike na kusomwa, pamoja na mpango wa tiba zote kuanza mara moja badala ya kujaribiwa moja moja. Katika hospitali zilizoutumia mpango huo walitambuliwa asilimia 93 ya kina mama waliovuja damu kupita kiasi, dhidi ya asilimia 51 kwingineko, na madhara mabaya kabisa yakapungua kwa asilimia 60. Matokeo yalitangazwa mwaka 2023, nami nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza. Na bado mfuko haujisomi. Mkunga anatakiwa kuurudia kila robo saa katika saa ile ya kwanza, aukandamize mji wa mimba, ahesabu mshipa. Kifaa kimempa uhakika, na kimemdai uwepo wake vilevile.

Kuna na wodi isiyo na kuta. Uganda, tangu mwaka 2004, muuguzi aliyesomea tiba ya kupunguza makali anaruhusiwa kisheria kuandika mofini, nayo ilikuwa nchi ya kwanza kuthubutu hivyo. Njia ilikuwa imeandaliwa na watu wa Hospice Africa Uganda, shirika aliloanzisha Dakta Anne Merriman mwaka 1993. Muuguzi anafika nyumbani kwa mgonjwa wa saratani na chupa ya mofini ya maji, anakaa chini, anauliza. Maumivu hayana kipimajoto, kwa hiyo mgonjwa huonyesha kwa mkono: ngumi maana yake hakuna, vidole vitano maana yake hayavumiliki. Watafiti wa Afrika wameutumia mkono huo kama kipimo cha kazi zao. Babu aliyenyoosha vidole vinne Jumatatu na viwili Alhamisi ameingia kwenye utafiti bila kutoka mkekani.

Kinachonisononesha ni kwamba ujuzi wote huu unahitaji muda, na muda ndio tulioamua kuubana. Fungua chati za wodi nyingi utazame safu ya pumzi. 20, 20, 20, tena 20. Mzee wa pumu 20, binti wa upasuaji 20, mwenye malaria kali 20. Haiwezekani. Ni idadi iliyoandikwa kutoka mezani, na hesabu hiyo hiyo ya pumzi ndiyo ambayo mara nyingi hubadilika mapema kuliko vipimo vingine mtu anapoanza kuzidiwa. Kidoleni kumebanwa kipimo cha oksijeni, kinasoma 97, kila mtu ametulia, na mgonjwa anazidi kuhema ili hiyo 97 isishuke.

Sitamlaumu muuguzi aliye peke yake usiku na vitanda 30. Dakika moja ya pumzi kwa kila mtu ni nusu saa, na bado hajagusa mshipa, joto, presha, sindano za saa sita, mgonjwa wa kugeuzwa asipate vidonda vya mgongo, wala mpya anayepokelewa kutoka mapokezi. Kufika kitanda cha mwisho, cha kwanza kimeshabadilika. Linda Aiken na wenzake walionyesha mwaka 2002, kwa wagonjwa wa upasuaji wa jimbo la Pennsylvania, kwamba kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwenye mzigo wa muuguzi huambatana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa kufa ndani ya siku 30. Mwaka 2014 hesabu kama hiyo ikapatikana katika nchi 9 za Ulaya. Jijini Nairobi watafiti waliokaa ndani ya wodi za watoto wachanga, wakitazama kinachofanyika na kisichofanyika, walikuta kazi nyingi za uuguzi zikiachwa, na nyingine zikiangukia kwa mama wenyewe. Ushahidi upo. Tunaujua mwaka hata mwaka, na tunaendelea kupanga zamu vilevile.

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani liliutangaza kuwa mwaka wa wauguzi na wakunga, miaka 200 tangu Nightingale azaliwe. Ripoti ya mwaka huo ilihesabu wauguzi milioni 27.9 duniani na pengo la milioni 5.9, karibu lote likiwa katika nchi kama zetu. Mwaka uliofuata Kenya ilitia saini mkataba na Uingereza wa kupeleka wahudumu wa afya huko. Siwalaumu wanaoondoka, wana watoto wa kusomesha. Nawahurumia wanaobaki, na wanafunzi wanaoletwa wodini kwa mafungu, wakasimama kumi kukizunguka kitanda kimoja, wakimsikiliza mkufunzi mwenye darasa jingine saa nne. Orodha ya kuweka vema wanayo. Ile salamu ndefu haimo kwenye orodha, na hawatamwona mtu akiifanya wasipopangiwa zamu na mtu anayeijua.

Wauguzi wanaoijua salamu hiyo wanafikisha miaka 60 na kustaafu. Ofisi huwaandalia keki, kitenge na picha ya pamoja mbele ya jengo la utawala. Keshokutwa yake zamu ya asubuhi inaanza kama kawaida, na hakuna aliyewauliza walikuwa wanatazama nini.