Winston Churchill: Kiongozi wa Vita na Mwandishi wa Vita Vyake

Mwezi wa Januari mwaka 1948 Winston Churchill aliwaambia wabunge wenziwe mjini London, nusu mzaha na nusu kweli, ya kuwa vyama vyote vingefanya vyema kuyaachia historia mambo yaliyopita, hasa kwa kuwa yeye mwenyewe alikusudia kuiandika historia hiyo. Hakukawia. Mwaka ule ule juzuu ya kwanza ya kitabu chake cha Vita Kuu ya Pili ilitoka, na kufikia mwisho wa mwaka 1953 juzuu zote sita zilikuwa zimetimia. Mwaka huo wa 1953 alipewa Tuzo ya Nobel ya fasihi, wala si ya amani kama wengine walivyodhani. Na mkewe, Clementine, ndiye aliyekwenda Stockholm kuipokea, maana mwenyewe, akiwa Waziri Mkuu kwa mara ya pili, alikuwa Bermuda akizungumza na Rais wa Marekani.

Yafaa basi apimwe kwa mizani ya fasihi. Habari za maisha yake zinajulikana mno, na kuzisimulia zote ni kutia maji baharini: alizaliwa mwaka 1874 katika jumba la Blenheim, akawa askari na mwandishi wa magazeti, akaingia Bungeni mwaka 1900, akapanda na kushuka mara nyingi, akafariki tarehe 24 Januari 1965 akiwa na umri wa miaka 90. Kinachostahili kuangaliwa kwa makini ni lugha yake, kwani katika saa ya dhiki lugha ilikuwa miongoni mwa silaha chache alizokuwa nazo.

Alishika uwaziri mkuu tarehe 10 Mei 1940, siku ile ile Wajerumani walipoingia Uholanzi na Ubelgiji. Haukupita mwezi ila jeshi la Uingereza lilikuwa limesukumwa hadi ufukoni Dunkirk. Askari zaidi ya 338,000, Waingereza na wenzao, waliokolewa kwa manowari na mashua, lakini mizinga na magari yao karibu yote yaliachwa nyuma. Katika hotuba ya tarehe 4 Juni Churchill hakuyapaka asali mambo hayo. Aliwaonya wasikilizaji wasiuite wokovu huo ushindi. Ndipo, baada ya kuwanywesha shubiri, akawapa maneno ya kusimamia. Mwisho wa hotuba hiyo umejengwa karibu wote kwa maneno mafupi ya Kiingereza cha kale, yale ambayo mvuvi na mchimba makaa huyatumia nyumbani kwake. Maneno marefu ya asili ya Kilatini, ambayo mahali pengine aliyapenda kupita kiasi, yamewekwa kando. Ni kama msemaji wa Kiswahili aliyezoea kusema taadhima na taharuki, akafika penye jambo zito akashika jasho, kilio na nyumba. Hotuba zake zilipigwa chapa kwa mistari mifupi iliyokatwa mfano wa zaburi, ili jicho lijue pa kutua na ulimi ujue pa kukaza. Huo si ufasaha wa kubahatisha, bali ni kazi ya mtunzi.

Na hapa pana jambo la ajabu kidogo. Waingereza wengi, walipokuwa wazee, walishikilia kwamba siku ile waliisikia hotuba hiyo redioni kwa sauti yake mwenyewe. Hawakuisikia. Aliisema Bungeni tu, na jioni msomaji wa habari akasoma baadhi ya maneno yake. Sauti ya Churchill inayosikika hata leo aliinasa mwaka 1949.

Lakini mwenye kuhutubia ana ruhusa ambayo mwenye kuandika historia hana. Katika juzuu ya pili, iliyotoka mwaka 1949, Churchill asema ya kuwa swali la kuendelea kupigana au kutoendelea halikuwekwa kamwe katika orodha ya mambo ya Baraza la Vita. Kumbukumbu za Baraza hilo, zilizofunguliwa kwa wasomaji katika miaka ya 1970, zasema vingine. Tarehe 26, 27 na 28 Mei 1940 Lord Halifax, Waziri wa Nchi za Nje, alitaka ijulikane kwa njia ya Italia ni masharti gani ya amani yangepatikana, na mawaziri wakabishana kwa siku tatu. Churchill alikataa. Tarehe 28 aliwakusanya mawaziri wengine wasiokuwamo katika Baraza dogo, akawaeleza hali, wakamwunga mkono kwa kishindo. Ndipo aliporudi kwa wenziwe na jambo likesha.

Kwa nini aliificha habari hii? Huenda alitaka kuwasitiri wenzake, kwani Halifax alikuwa hai bado. Huenda pia alitaka taifa lionekane lilikuwa na moyo mmoja tangu mwanzo. Vyovyote iwavyo, alijidhulumu. Ushujaa wake mkubwa kuliko wote ulikuwa katika chumba kile, mbele ya watu wachache wenye hoja nzito, naye akaufuta kwa kalamu yake ili ibaki picha ya watu wasioyumba. Tenzi za Kiswahili za vita zina faida moja juu ya kitabu hiki: aghalabu shujaa ni mmoja na mtunzi ni mwingine.

Kitabu chenyewe hakikuandikwa na mkono mmoja. Churchill aliisema kwa mdomo sehemu kubwa, nao wasaidizi, miongoni mwao Bill Deakin na majenerali Ismay na Pownall, walitafuta hati na kuandaa maelezo. Amri na barua za Churchill zimejaa kila juzuu, lakini majibu ya walioandikiwa ni haba, hata msomaji hudhani kwamba mtu mmoja alikuwa akiuliza na dunia ikinyamaza. Siri ya Bletchley Park, ambako maandishi ya fumbo ya Wajerumani yalisomwa, haimo. Kwa hilo asilaumiwe, kwani serikali iliilinda siri hiyo hadi mwaka 1974.

Kimya kingine si rahisi kukisamehe. Mwaka 1943 njaa iliua watu wapatao milioni tatu Bengal, kwa hesabu ya wataalamu wengi. Mchele wa Burma ulikuwa umekatika baada ya Wajapani kuiteka nchi hiyo mwaka 1942. Kimbunga cha Oktoba mwaka huo kiliharibu mashamba. Mashua za watu wa pwani zilichukuliwa ili adui asizipate, na bei ikapanda kuliko uwezo wa maskini. Wakuu wa India waliomba nafaka mara kwa mara, na Baraza la Vita likatoa meli kwa uchache na kwa kuchelewa. Mwandishi aliyezipa kurasa nyingi safari zake za kuonana na Roosevelt na Stalin hakuipa njaa hiyo hata sura moja.

Ndivyo alivyokuwa pia katika jambo la uhuru. Agosti 1941 yeye na Roosevelt walitoa Azimio la Atlantiki, lililotaja haki ya mataifa yote kujichagulia serikali. Mwezi uliofuata aliliambia Bunge kwamba kifungu hicho kilihusu nchi za Ulaya zilizokuwa chini ya Wanazi, wala si makoloni ya Uingereza. Alikuwa ameyasema maneno mapana, kisha akataka yasomwe kwa wembamba. Wakati huo askari wa King's African Rifles kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland walikuwa wakipigana chini ya bendera yake, na mwaka 1944 wengi wao walilipita bonde la Kabaw huko Burma katika mvua na malaria.

Wasomaji wa mbali hawakuufuata ufafanuzi wake. Mwaka 1943 Nnamdi Azikiwe wa Nigeria alipeleka London waraka uliolihusisha Azimio hilo na Afrika Magharibi. Na mwezi wa Desemba mwaka huo chama cha ANC cha Afrika Kusini kilikubali waraka uliolichambua kifungu kwa kifungu, na chini ya kila kifungu kikaandika maana yake kwa Mwafrika.